Emil von Behring na Kinga ya Kuazima

Mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa, na jeraha likiwa baya, hospitali yenye dawa zote humchoma sindano za namna mbili. Ya kwanza huingizwa ndani ya jeraha lenyewe na kandokando yake, nayo hairudiwi. Ya pili huchomwa begani, na mgonjwa huambiwa arudi tena na tena kwa siku zilizoandikwa kwenye kadi yake. Wako wasiorudi. Jeraha likishafunga huona kwamba sindano ya siku ya kwanza imetosha, na kwamba hizo nyingine ni kusumbuana tu na kutumia nauli bure. Kufikiri hivyo kumeua watu. Ili tuone ni kwa nini sindano moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine, tumeona vema tusimulie maisha ya daktari mmoja Mjerumani, Emil von Behring, kwa maana yeye ndiye aliyeifungua njia ya sindano ile ya kwanza, kisha akatumia miaka zaidi ya 20 akiitafuta ya pili.

Alizaliwa tarehe 15 Machi 1854 katika kijiji cha Hansdorf, nchi ya Prussia Magharibi, mahali ambapo leo ni Poland. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji mwenye watoto 13, na wasomaji wetu walimu hawahitaji kuelezwa mshahara wa namna hiyo unafika wapi. Kijana alikuwa na akili nyingi lakini karo ya chuo kikuu haikuwepo. Ndipo mwaka 1874 akaingia katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin. Serikali ilimsomesha bure, naye akafungwa na ahadi ya kulitumikia jeshi miaka kadhaa baada ya masomo. Mwaka 1878 alipata shahada yake ya udaktari.

Mwaka ule ule ulionyesha wazi jinsi udaktari wa siku zile ulivyokuwa mnyonge. Mwezi wa Novemba ugonjwa wa dondakoo uliingia katika jumba la kifalme la Darmstadt, alimokaa Alice, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mumewe akaugua, na watoto wao karibu wote. Binti mdogo kuliko wote, mwenye umri wa miaka minne, akafa. Mama aliyekuwa akiwauguza akaambukizwa, naye akafa tarehe 14 Desemba. Walikuwa na madaktari bora wa Ujerumani, na fedha, na watumishi, lakini hapakuwa na dawa.

Leo wazazi wengi hawajapata kuuona ugonjwa huu, basi tuueleze kidogo. Huanza kama mafua na maumivu ya koo. Kisha utando mzito wa rangi ya kijivu hutanda kooni, shingo huvimba, na mtoto hutafuta pumzi asiipate. Daktari wa zamani aliweza tu kutoboa koo na kupitisha mrija ili hewa iingie. Hata walionusurika kukabwa, wengine walikufa ghafla baada ya wiki mbili au tatu, moyo ukisimama walipodhaniwa kuwa wamepona. Katika Ujerumani peke yake watoto waliokufa kwa dondakoo kila mwaka walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Behring alitumikia jeshi katika miji midogo ya mashariki, na huko, pamoja na kazi za kila siku za kambini, alijishughulisha na jambo lililowasumbua madaktari wengi wakati ule. Ilikwisha kujulikana kwamba vijidudu huleta maradhi, na kwamba dawa kali huviua vikiwa juu ya meza au kidondani. Je, haiwezekani kuviua vikiwa ndani ya mwili? Alijaribu dawa moja baada ya nyingine, akaona kwamba zile zenye nguvu ya kuua vijidudu humwua na mgonjwa. Lakini katika kuichunguza dawa moja ya vidonda, iitwayo aidofomu, aliona ajabu. Dawa ile haikuviua vijidudu sana, ila ilionekana kuzima sumu iliyotokana navyo. Wazo hilo halikumtoka. Labda adui wa kupigwa si kijidudu chenyewe, bali ni sumu yake.

Mwaka 1889 alihamia Berlin kufanya kazi chini ya Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Pale mambo mengi yalikuwa yamekutana. Friedrich Loeffler, mfuasi wa Koch, alikuwa amefaulu mwaka 1884 kukuza kijidudu cha dondakoo peke yake, bila kuchanganyika na vingine. Mwaka 1888 Wafaransa wawili, Émile Roux na Alexandre Yersin, walionyesha kwamba kijidudu hicho hukaa kooni tu, na kinachopita katika damu kuuharibu moyo na mishipa ya fahamu ni sumu. Na katika chumba kile kile cha Koch alikuwako Mjapani mmoja mtulivu na hodari sana wa kazi, Shibasaburo Kitasato, ambaye mwaka 1889 alikuwa wa kwanza kukuza kijidudu cha pepopunda peke yake, kazi iliyowashinda wengine kwa sababu kijidudu hicho hakiwezi kuishi penye hewa.

Basi hao wawili wakashirikiana. Walimzoesha sungura sumu ya pepopunda mpaka akaweza kuvumilia kiasi ambacho kingewaua sungura wengine. Kisha wakatoa damu yake kidogo, wakamchoma nayo panya. Baadaye wakamwingizia panya yule vijidudu hai vya pepopunda. Panya hakufa. Panya wengine, ambao hawakupewa kitu, walikufa. Wengine walipewa damu ya sungura wa kawaida ambaye hakuzoeshwa sumu, nao wakafa vilevile. Wakachanganya sumu na maji ya damu ya sungura aliyezoeshwa ndani ya chupa, wakamchoma panya mchanganyiko huo, naye akaendelea kula na kukimbia kama kawaida. Habari hii ilitangazwa katika gazeti la madaktari la Ujerumani tarehe 4 Desemba 1890, yenye majina ya wote wawili. Wiki moja baadaye Behring alitangaza peke yake majaribio yake juu ya dondakoo.

Maana yake ilikuwa kubwa. Tangu kale watu walijua kwamba aliyeugua ndui akapona haugui tena, na mwaka 1796 Edward Jenner wa Uingereza alionyesha kwamba kinga hiyo yaweza kuletwa kwa chanjo. Lakini hakuna aliyejua kinga hukaa wapi. Sasa ilijulikana kwamba sehemu yake imo ndani ya damu, katika yale maji ya manjano yabakiayo damu ikiganda, ambayo huitwa seramu, na ya kwamba yaweza kuchotwa kwa mmoja akapewa mwingine. Kitu chenyewe kilichomo tunakiita leo kingamwili. Ni chembe ndogo mno za protini. Kila namna ina umbo lake, nayo hushika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli. Kingamwili ya pepopunda hushika sumu ya pepopunda na kuizuia isiingie katika mishipa ya fahamu, lakini mbele ya dondakoo haina kazi.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuzitenge kinga, kwa sababu maisha yote ya Behring yalizunguka katika tofauti zao. Iko kinga tunayozaliwa nayo. Ngozi, makamasi, machozi, na chembe nyeupe za damu zinazovimeza vijidudu bila kuuliza ni vya namna gani. Chembe hizo ndizo alizozichunguza Élie Metchnikoff, Mrusi, na kwa miaka mingi wafuasi wake na wafuasi wa Behring walibishana kama kinga ni kazi ya chembe au ni kazi ya maji ya damu. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa sawa. Iko kinga ya pili, ambayo mwili hujitengenezea baada ya kukutana na adui, ama kwa kuugua ama kwa kuchanjwa. Hii hukawia. Huchukua siku nyingi, hata wiki, kabla haijatosha, lakini mwili huweka kumbukumbu, na adui akirudi baada ya miaka humkuta yuko tayari. Na iko kinga ya tatu, ya kuazima, ambayo mwili haukuifanyia kazi. Hufanya kazi saa ile ile inapoingia, ila mwili haukujifunza kitu. Kingamwili zilizoazimwa huchakaa na kuisha, zile za mnyama katika wiki chache, zile za binadamu katika miezi michache, na zikiisha mtu hurudi pale pale alipokuwa.

Kinga ya kuazima haikubuniwa Berlin. Kila mtoto huzaliwa nayo kutoka kwa mama yake, kwa kupitia kondo la nyuma, kisha huongezewa nyingine katika maziwa ya mama, hasa yale ya mwanzo yaliyo mazito na ya manjano, ambayo mabibi wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Paul Ehrlich, mwenzake Behring, alionyesha jambo hili mwaka 1892 kwa panya. Watoto wa panya wasio na kinga, wakinyonyeshwa na panya mwenye kinga, waliipata. Ndiyo sababu mama mjamzito huchanjwa pepopunda kliniki. Mwili wake hujitengenezea kinga, naye humwazima mtoto, ili kama kitovu kitakatwa kwa wembe mchafu mtoto asife kwa pepopunda katika siku zake za kwanza.

Turudi kwa Behring. Kutoka kwa panya mpaka kwa mtoto ilikuwa safari ngumu. Majaribio ya kwanza kwa wagonjwa hayakuridhisha, kwa sababu seramu yake, iliyotoka kwa kondoo, ilikuwa hafifu, na nguvu yake leo ilikuwa hivi na kesho vile. Aliyemwokoa ni Ehrlich. Huyu alikuwa mtu wa vipimo. Alionyesha jinsi ya kuongeza sumu kwa mnyama hatua kwa hatua mpaka seramu iwe kali, na akaweka kipimo cha kuijua nguvu ya kila chupa. Mwaka 1894 kiwanda cha Hoechst kilianza kuiuza. Mwaka huo huo Roux, kule Paris, aliwatumia farasi, ambao damu yao ni nyingi, akatibu mamia ya watoto katika hospitali moja. Kabla ya hapo karibu nusu ya wagonjwa wa dondakoo wa hospitali hiyo walikuwa wakifa. Kwa seramu walikufa kama robo. Habari hizo alipozisoma katika mkutano wa madaktari huko Budapest, mahitaji yakawa makubwa kuliko farasi waliokuwako.

Hatutaki kuwaficha wasomaji kwamba Behring hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mkali, mwepesi wa kuudhika, na alipenda kupewa heshima yake yote. Urafiki wake na Ehrlich uliharibika kwa sababu ya fedha za seramu, kwa kuwa Ehrlich aliona amepunjwa, na tukipima kazi yake twaona alikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo na wale Wafaransa, ingawa nchi zao zilichukiana, alikaa nao vizuri sana. Mwaka 1896 alimwoa Else Spinola, binti wa mkurugenzi wa hospitali kuu ya Berlin, wakapata wana sita.

Mwaka 1901 tuzo ya Nobel ya udaktari ilitolewa kwa mara ya kwanza kabisa, akapewa Behring peke yake, kwa ajili ya tiba ya seramu. Kitasato hakutajwa. Watetezi wa uamuzi ule husema tuzo ilihusu dondakoo, na Kitasato alikuwa mtu wa pepopunda. Sisi twaona hoja hiyo ni nyembamba, maana njia ilikuwa moja na waliipasua wawili. Kitasato alirudi kwao akajenga kazi kubwa Tokyo, akafa mwaka 1931, na tangu mwaka 2024 picha yake imo katika noti ya Japani ya yeni 1,000.

Mwaka ule ule wa heshima, 1901, jambo la kutisha lilitokea mjini St. Louis, Marekani. Farasi mmoja aitwaye Jim, aliyekuwa akitolewa seramu ya dondakoo, alipatwa na pepopunda. Chupa za damu yake zilikuwa zimekwisha kugawanywa, na watoto 13 waliotibiwa kwa seramu ile walikufa kwa pepopunda. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria ya kuvikagua viwanda vya seramu na chanjo.

Seramu ilikuwa na mipaka mingine pia, isiyo ya uzembe. Damu ya farasi ni kitu kigeni mwilini. Wengine walipata homa, vipele na maumivu ya viungo siku kadhaa baada ya sindano, na wachache walizimia pale pale. Tena saa zilikuwa na thamani. Kingamwili huishika sumu inayoelea katika damu, lakini sumu ikishaingia ndani ya chembe za moyo au za mishipa ya fahamu, hakuna kingamwili inayoweza kuitoa. Mtoto aliyechomwa siku ya kwanza alikuwa na tumaini kubwa, na tumaini likapungua kila siku iliyopita. Na mpaka ulio mkubwa kuliko yote ni ule tuliousema: mtoto aliyekopeshwa kinga mwezi huu, miezi michache baadaye hana kinga. Madaktari walijaribu kuwachoma ndugu za mgonjwa ili wasiambukizwe, na ilisaidia, lakini kwa wiki chache tu. Behring alilijua jambo hili kuliko mtu yeyote, na lilimkosesha raha.

Tangu mwaka 1895 alikuwa profesa katika mji wa Marburg, na huko mwaka 1904 alianzisha kiwanda chake mwenyewe cha seramu. Jina la mji huo wasomaji wetu wa Kagera na Uganda wanalijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1967, miaka 50 baada ya yeye kufa, wafanyakazi wa kiwanda kile kile waliambukizwa homa isiyojulikana kutoka kwa tumbili walioletwa kutoka Uganda, na ugonjwa ukapewa jina la mji. Ulipozuka Rwanda mwaka 2024, watu 66 waliugua na 15 wakafa. Miongoni mwa dawa walizopewa wagonjwa zilikuwako kingamwili zilizotengenezwa makusudi dhidi ya kirusi hicho. Hizo hazikutoka kwa farasi. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipata njia ya kukuza chembe zinazotoa kingamwili za namna moja tu, kwa wingi, na kwa njia hiyo na nyingine zilizofuata hutengenezwa leo dawa za saratani kadhaa na za magonjwa ya viungo. Lakini mtu aliyeumwa na koboko au swila bado hutibiwa kwa jinsi ya Behring karibu bila kubadilika: sumu kidogo kidogo kwa farasi, kisha seramu kwa mgonjwa, kama Albert Calmette na Wafaransa wenzake walivyoanzisha katika miaka ya 1894 na 1895.

Miaka mingi Behring aliitoa kwa kifua kikuu. Alitafuta chanjo kwa ng'ombe na dawa kwa watu, akatangaza matumaini kabla ya wakati, na yote yakashindwa, kwa kuwa kinga ya kifua kikuu hutegemea zaidi chembe za mwili kuliko maji ya damu. Aliumia moyo. Kuanzia mwaka 1907 hali ya moyo wake ilianguka kiasi cha kulazwa katika nyumba ya wagonjwa, na hakurudi kazini sawasawa mpaka mwaka 1910. Mtu aliyeokoa watoto wasiohesabika alikaa miaka mitatu asione faida ya kuamka asubuhi.

Hata hivyo aliporudi alikishika tena kile alichokiacha nyuma. Mwaka 1913 alitangaza mchanganyiko wa sumu ya dondakoo pamoja na kingamwili zake, uliopimwa kwa uangalifu hata sumu isiweze kudhuru, lakini mwili wa mtoto uweze kuitambua na kujitengenezea kinga yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sindano ya pili. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Askari waliojeruhiwa kwenye mashamba yenye samadi walikufa kwa pepopunda wengi, mpaka ilipoamriwa kwamba kila majeruhi achomwe seramu mara moja. Ndipo vifo vikapungua sana. Serikali ilimpa nishani. Lakini wakati huo alikuwa mgonjwa, mfupa wa paja ulivunjika ukakataa kuunga, kisha ikaja homa ya mapafu. Alifariki Marburg tarehe 31 Machi 1917, akiwa na umri wa miaka 63.

Mchanganyiko wake haukudumu. Mwaka 1923 Gaston Ramon wa Ufaransa aliifisha sumu kwa dawa ya fomalini na joto, ikabaki na umbo lake bila makali, na hiyo ndiyo imo mpaka leo katika chanjo wanayopewa watoto wetu kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ilipofanikiwa, farasi wa dondakoo wakawa wachache ulimwenguni, na Nigeria ilipopatwa na mlipuko mkubwa mwaka 2023 seramu ilikuwa adimu. Mgonjwa aliyebahatika kuipata, hata akipona kabisa, huchanjwa kabla ya kuruhusiwa kwenda zake au mara baada ya hapo, kwa sababu kuugua dondakoo pekee mara nyingi hakuuachii mwili kinga ya kutosha, na zile kingamwili za farasi zimekwisha kuanza kupungua.